Vifuniko vya foglaiti za Datsun 240Z: kazi yote iko kwenye matundu

Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani la mwanzoni mwa miaka ya 1970, ina pua ndefu iliyoinamia barabara. Foglaiti, yaani taa za ukungu, zikifungwa pale zinapostahili kukaa, chini ya bampa au mbele yake kidogo, vioo vyake vinakuwa chini ya usawa wa goti la mtu mzima, mahali hasa kokoto za gari lililotangulia zinapopita. Kwenye lami kioo kinaweza kudumu miaka. Kwenye murramu, safari moja nyuma ya lori inatosha kukimaliza.

Na murramu si ngeni kwa gari hili. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena. Ndiyo maana watu wa huku Afrika Mashariki wanaozitunza 240Z hawataki zikae gereji zimefunikwa shuka. Wanataka zitembee, zipande Kimende alfajiri ukungu ukiwa umelala barabarani, zipite Njombe mwezi wa saba. Safari kama hizo zinahitaji foglaiti, na foglaiti zinahitaji kinga.

Kioo cha taa ya zamani kikipasuka, hasara haiishii kwenye kioo. Nyuma yake kuna bakuli la kuakisi mwanga lililopakwa tabaka jembamba mno la metali. Maji yakishaingia kwenye ufa, bakuli linapata madoadoa, kisha linababuka. Unaweza kubahatika kupata kioo kingine cha miaka hiyo cha watengeneza taa kama Cibié, Marchal au Hella, lakini bakuli lililoharibika halirudishwi kwa kulisugua. Lazima lipakwe metali upya, na mafundi wa kazi hiyo ni wachache.

Uamuzi wa kwanza ni wa malighafi. Watu wengi huanza na wavu wa chuma kwa sababu unaonekana imara. Wavu unazuia jiwe la ukubwa wa ngumi, sawa, ila kokoto ya ukubwa wa harage inapita bila kugusa waya, na kokoto ya harage ndiyo inayopasua vioo vingi. Halafu piga hesabu ya mwanga. Wavu wa waya wa milimita 3 wenye nafasi ya milimita 25 kutoka katikati ya waya mmoja hadi katikati ya mwingine unaacha wazi milimita 22 kwa 22. Gawanya eneo hilo kwa 25 kwa 25, unapata asilimia 77. Karibu robo ya mwanga imeishia kwenye waya. Bamba safi la polikaboneti, plastiki angavu isiyovunjika kirahisi, linapoteza kama asilimia 10, tano kila uso, na halipitishi kokoto hata moja. Kwa foglaiti, mshindi ni bamba.

Ila liwe polikaboneti kweli. Ukienda kwa watengeneza mabango Nairobi au Dar es Salaam na kuomba plastiki ngumu ya kung'aa, kuna uwezekano mkubwa ukapewa akriliki, kwa kuwa ndiyo wanayoitumia kila siku na inakatika vizuri kwa leza. Akriliki ni safi machoni, hata inapitisha mwanga zaidi kidogo, lakini jiwe likiigonga inavunjika vipande vyenye ncha, na vipande hivyo vinatupwa juu ya kioo kilekile ulichotaka kukilinda. Omba ukanda mwembamba wa mabaki uukunje kwa koleo. Akriliki inakatika kwa mlio. Polikaboneti inakunjika kama bati na kubaki na alama nyeupe kwenye mkunjo. Ukiuchoma nje penye upepo, akriliki inaendelea kuwaka kwa moto safi wenye harufu tamutamu, wakati polikaboneti inatoa masizi meusi na kuelekea kuzimika yenyewe. Usikubali pia lile bamba la kuezekea lenye mifereji ndani. Unataka bamba lisilo na uwazi ndani, gumu, unene wa milimita 3, na ikiwezekana lenye kinga ya jua upande mmoja. Upande huo kwa kawaida huandikwa kwenye nailoni ya kinga. Uwekee alama mapema, kwa sababu ndio utakaotazama nje. Ukiugeuza, bamba litaanza kuwa la njano kabla ya wakati wake.

Milimita 3 inatosha. Kokoto ya gramu 20 inayokutana na gari kwa kasi ya pamoja ya kilomita 100 kwa saa inabeba nishati ya jouli 8 hivi. Kasi ikiwa mara mbili, nishati inakuwa mara nne. Bamba la milimita 3 linapokea pigo la namna hiyo kwa kubonyea ndani na kurudi. Neno la kushika hapo ni kubonyea. Bamba likiwa limelala karibu na kioo, litabonyea mpaka likiguse, na kioo kitapasuka nyuma ya kifuniko ambacho hakina hata mchubuko. Ukiona jambo hilo usilaumu plastiki. Lawama ni ya mwanya.

Vipimo

Vipimo vinavyofuata ni vya foglaiti ya duara yenye mwili wa milimita 150 kwa nje na kioo kinachotoa mwanga cha milimita 130. Yako ikiwa tofauti, badilisha namba, lakini fuata hoja ileile.

Mwanya kati ya sehemu ya kioo iliyojitokeza zaidi na bamba uwe milimita 12. Chini ya hapo tope linanasa na halitoki hata ukilimwagia maji, hewa haipiti, na bamba halina pa kubonyea. Ukizidisha sana, tatizo linahamia kwenye mwanga. Foglaiti inatupa mwanga wake mpana na bapa. Mwanga unaotoka pembeni kwa nyuzi 40 unasogea kwa upande milimita 10 hivi kabla haujalifikia bamba lililo milimita 12 mbele. Kwa hiyo kioo cha milimita 130 kinahitaji uwazi wa milimita 150 kwenye bamba, na boliti zote zikae nje ya uwazi huo. Hapo ndipo inapatikana duara ya matundu ya milimita 168 na bamba la milimita 192, ambalo linaacha milimita 12 kutoka katikati ya tundu hadi ukingoni. Tundu lililokaribia ukingo kuliko hapo ni mwanzo wa ufa.

Matundu yawe matatu. Manne yanaonekana nadhifu zaidi, ila pointi tatu zinakaa sawa hata masikio, yaani vipande vya chuma vinavyolishika bamba, yakiwa yamepishana kidogo, na nne zinapindisha bamba. Yapange penye 12, 4 na 8 za uso wa saa. Ukiyapanga hivyo, pembeni kabisa kushoto na kulia, ambako foglaiti inafanya kazi yake kubwa, hakuna boliti.

Kipande cha sentimita 40 kwa 40 kinatoa maduara manne, mawili ya kufunga na mawili ya akiba. Tengeneza akiba siku hiyohiyo, mashine ikiwa bado imepangwa. Kwa taa mbili unahitaji pia mkanda wa stenlesi upana milimita 15 na unene milimita 1, urefu wa mita 1.3 hivi, boliti 6 za M5 (unene wa milimita 5) zenye urefu wa milimita 30 na kichwa cha duara, boliti 2 fupi za M5 za kukazia mikanda pamoja na nati zake, nati 6 za M5 zile zenye pete ya nailoni ndani, bushi 6 za alumini (vijibomba vya kupitisha boliti) zenye urefu wa milimita 12, washa pana 6 za stenlesi, washa 12 za raba zenye unene wa milimita 1.5 na kipenyo cha milimita 16, na ribiti 12 za stenlesi za milimita 3.2. Raba iwe ya EPDM, ile ya mipira ya milango ya magari, au ya silikoni. Plastiki laini ya PVC isitumike, kwa sababu mafuta yanayoilainisha yanahamia kwenye polikaboneti na kuidhoofisha pale pale penye boliti.

Kukata na kutoboa

Nailoni ya kinga ibaki pande zote mbili mpaka mwisho. Chora duara juu yake kwa bikari. Kata kwa jigso yenye msumeno wa meno madogo wa kukatia chuma, mwendo wa kati, huku ukiacha milimita 2 nje ya mstari. Ukienda kasi, plastiki inayeyuka na kuungana tena nyuma ya msumeno. Utadhani umekata, kumbe umechomelea. Leza hapa haifai, maana inaunguza ukingo wa polikaboneti na kuuacha wa kahawia. Fundi mwenye mashine ya ruta ya kompyuta ni bora kuliko jigso, na maduara manne ni kazi ndogo kwake.

Ondoa milimita 2 zilizobaki kwa tupa, kisha msasa wa 240, kisha 600 wenye maji. Vunja kona za ukingo pande zote mbili. Pitisha ukucha kuzunguka duara lote, na popote unaponasa rudi na msasa. Mkwaruzo mdogo wa msumeno ulioachwa ukingoni ndio ufa wa mwezi ujao.

Matundu ndiyo roho ya kazi hii. Bamba la namna hii ni nadra kupasuka katikati. Linapasukia kwenye tundu, na chanzo chake huwa siku lilipotobolewa au siku lilipokazwa. Weka ubao chini, anza na biti ya milimita 3, halafu maliza kwa biti ya ngazi hadi milimita 7. Biti ya kawaida iliyonolewa kwa chuma ina tabia ya kuuma na kuvuta bamba juu inapotokea upande wa pili, ikiacha nyufa kama miguu ya buibui kuzunguka tundu. Unaweza usizione mpaka uelekeze bamba kwenye jua na kuligeuza polepole. Ukiziona, bamba hilo ni la kufanyia majaribio. Usipake mafuta ya kutobolea. Kata kavu, pumzisha biti, puliza vumbi. Mwisho vunja kona za tundu kwa mkono.

Kwa nini tundu la milimita 7 kwa boliti ya milimita 5? Kwa sababu polikaboneti inatanuka kuliko chuma. Kati ya asubuhi ya baridi na bamba lililopata joto mbele ya globu ya wati 55, tofauti ya nyuzi 60 inarefusha milimita 168 kwa milimita 0.7 hivi, na mkanda wa chuma nyuma yake unatanuka robo tu ya hapo. Tundu linalobana boliti halina pa kupeleka tofauti hiyo isipokuwa kwenye ufa.

Mkanda na masikio

Usitoboe mwili wa taa ya zamani. Zungushia mkanda. Kata stenlesi ya milimita 510, weka ukanda mwembamba wa raba ndani ili kromu isikwaruzike, na kunja ncha zote mbili kwa nje milimita 15 ziwe mdomo wa kukaziwa na boliti moja. Mdomo uelekee chini, ambako maji yanadondoka na macho hayafiki. Jaribu kwenye taa kabla ya kukata ziada, kwa kuwa taa mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana milimita moja au mbili.

Masikio ni vipande vitatu vya mkanda huohuo, milimita 30 kila kimoja, vilivyokunjwa katikati kuwa umbo la L. Upande mmoja unapigiwa ribiti mbili kwenye mkanda, kichwa bapa kikiwa ndani. Upande wa pili unasimama nje na tundu la M5, kitovu chake kikiwa milimita 8 kutoka kwenye mkanda. Sogeza mkanda mpaka nyuso za masikio ziwe sawa na sehemu ya kioo iliyojitokeza zaidi. Baada ya hapo bushi ya milimita 12 pamoja na raba yake inakupa mwanya bila kukisia.

Mpangilio kutoka mbele: kichwa cha boliti, washa, raba, bamba, raba, bushi, sikio, nati. Kaza nati mpaka raba ianze kujaa, kisha rudisha robo mzunguko. Ukilishika bamba kwa vidole viwili linatakiwa kuteleza kidogo kwa upande bila kugongagonga. Gundi ya kuzuia nati isifunguke, ile ya majimaji ya chupa ndogo, iweke mbali kabisa. Tone moja likigusa polikaboneti iliyokazwa, nyufa zinaota bila jiwe lolote. Ndiyo sababu ya nati zenye nailoni. Silikoni yenye harufu ya siki nayo isikaribie.

Bamba liwe sambamba na kioo. Likiinama, sehemu ya mwanga unaorudi kutoka kwenye nyuso zake inaishia juu ya mstari wa juu wa mwanga, inagonga ukungu na kurudi machoni mwa dereva. Wengine wanatamani bamba lililopindwa lifuate umbo la pua, kama vile vifuniko vya taa kubwa vya Fairlady 240ZG ya Japani. Kwa foglaiti usijaribu. Bamba bapa haliharibu mpangilio wa mwanga, la kupinda linaupotosha. Na kupinda polikaboneti nyumbani kunaleta mapovu, kwa sababu inabeba unyevu wa hewani ambao lazima ukaushwe kwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 120 kabla ya kuifinyanga.

Anayetaka rangi ya njano abandike filamu kwenye bamba, asipake rangi kwenye kioo cha asili. Ufaransa ilidai taa za njano hadi 1993, kwa hiyo 240Z yenye Cibié au Marchal za njano ina sura yake halali. Lakini isitegemewe kupenya ukungu zaidi. Matone ya ukungu ni makubwa mno kuchagua rangi. Kinachopungua ni mng'ao wa bluu unaochosha macho.

Kifuniko cha mchana

Bamba linachubuka. Vumbi la kilomita mia tatu mchana, taa zikiwa zimezimwa, linaondoa mng'ao wake bila faida yoyote. Kwa hiyo shona kofia ya turubai ya PVC ya kuvaa juu yake. Kata duara la milimita 216, ambalo likitolewa akiba ya mshono ya milimita 10 kila upande linabaki 196. Ukanda wa pembeni ni milimita 636 kwa 75, humo ndani kukiwa na milimita 10 za mshono na 20 za pindo. Kata vijinafasi vidogo kila milimita 15 kwenye akiba ya duara, la sivyo mshono utajikunyata. Mwambie fundi cherehani atumie uzi wa poliesta na hatua ya milimita 3 hadi 4. Hatua fupi inaigeuza turubai kuwa stempu, inachanika kwenye mstari wa matundu. Pitisha lastiki ya milimita 380 kwenye pindo. Inajifunga nyuma ya masikio, kwenye mwili wa taa, na upepo hauitoi.

Ndani ya kofia shonea kitambaa cha pamba laini. Ile habari ya PVC na polikaboneti inarudi hapa: turubai ikilala juu ya bamba miezi mitatu kwenye jua, inaacha ukungu ambao haufutiki. Weka kijicho cha shaba cha milimita 8 sehemu ya chini kabisa maji yatoke, na utepe mwekundu wa sentimita 15 unaoning'inia. Utepe si pambo. Globu ya halojeni ikiwashwa chini ya kofia, joto halina pa kwenda. Turubai inalainika na kunukia, na bamba linaweza kupinda. Afadhali zaidi, funga kadi ndogo nyekundu kwenye swichi ya foglaiti kila kofia zinapovaliwa.

Kwa kuwa tumefika kwenye swichi: globu mbili za wati 55 zinavuta zaidi ya ampea 9. Umeme wa taa kwenye 240Z unapitia swichi ya usukani na boksi la fyuzi ambalo kwa umri wake tayari linapata moto. Foglaiti ziwe na relei yake (swichi inayoendeshwa na umeme), fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, na waya wa milimita za mraba 2.5.

Kuosha ni maji mengi kwanza, kidole baadaye. Mwaga kutoka juu kwenye mwanya mpaka tope litoke chini, ndipo upitishe kitambaa laini chenye sabuni ya vyombo. Petroli, thina, mafuta ya breki na dawa ya vioo yenye amonia zote zinaua polikaboneti. Kila baada ya safari ya vumbi geuza bamba kwenye mwanga utazame matundu matatu, kwanza lile la penye 12, kisha mengine.

Kabla ya safari ya usiku simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, washa foglaiti bila mabamba, na weka alama ya tepu kwenye mstari wa juu wa mwanga. Rudisha mabamba. Mstari ubaki palepale, umefifia kidogo tu. Ukiwa umepanda au kupata kivuli cha pili juu yake, kuna sikio limekaa mbele kuliko wenzake. Legeza mdomo wa mkanda, sukuma, kaza, tazama tena.